Mafuta, uzito na joto: Dodoma na kazi ya mtu anayejaza ndege ikiwa angani

Dodoma ni mmoja kati ya miji michache nchini ambako mtoto anaweza kuona ndege kwa karibu bila mzazi kutoa hata shilingi. Uwanja uko mjini kabisa. Nyumba, ofisi na maduka vimeuzunguka, na ndege ya ATCL inapoingia kutoka Dar es Salaam mngurumo wake humlazimisha mtu anayeongea na simu asubiri kwanza. Jumamosi jioni, upepo wa uwanda wa kati ukivuma na vumbi likitulia kwenye viatu, mzazi akisimama kando ya barabara na watoto wake anakuwa amepata matembezi ya bei nafuu: karanga, maji, na kama ni msimu, zabibu za kufungasha.

Shida ni maswali. Mtoto wa miaka saba haangalii ndege kimya kimya. Atauliza rubani anajisaidia wapi. Atauliza kwa nini mabawa hayapigi kama ya njiwa. Halafu, akiliona boza la mafuta likisogea chini ya bawa, atauliza lile swali ambalo wazazi wengi hulikwepa: "Baba, zikiisha kule juu inakuwaje?"

Wengi hujibu kwamba haziwezi kuisha, na mambo yanaishia hapo. Si jibu baya. Ndege ya abiria huondoka na mafuta ya safari yenyewe, mafuta ya kufika uwanja mwingine kama wa kwanza umefungwa, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya nusu saa ambayo rubani hapaswi kuigusa isipokuwa mambo yameharibika. Lakini jibu refu lina utamu wake, na linaanzia palepale kwenye boza.

Kujaza ndege si kama kujaza bodaboda. Kabla ya mpira kufunguliwa, mhudumu huunganisha waya kati ya gari na ndege ili umeme tuli usije ukatoa cheche, na katika hali kavu kama ya Dodoma, ambako hata kuvua sweta usiku kunatoa cheche, hilo si jambo la mzaha. Sampuli ya mafuta huchotwa kwenye chombo cha kioo na kuangaliwa kama ina maji au uchafu. Aina nayo huangaliwa mara mbili. Ndege kubwa na zile ndogo za injini ya tabaini hutumia Jet A-1, ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Ndege ndogo za injini ya pistoni hutumia avgasi, ambayo hutiwa rangi ya bluu ili asitokee mtu wa kuichanganya. Kosa la aina ya mafuta limewahi kuangusha ndege sehemu nyingi duniani, mara nyingi dakika chache tu baada ya kupaa.

Lita 100 ni mtu mmoja

Dodoma iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Tanga au Dar hahisi tofauti, ila ngozi yake kukauka na midomo kupasuka. Injini ya ndege inahisi. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto likipanda inazidi kuwa nyepesi. Mchana wa Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, kipimajoto kikisoma nyuzi 30, ndege iliyo kwenye lami ya Dodoma inafanya kazi kana kwamba iko zaidi ya mita 1,700. Itahitaji njia ndefu zaidi kupaa na itapanda polepole. Ndiyo maana marubani wa ndege ndogo hupenda kuondoka alfajiri, wakati mibuyu bado ina vivuli virefu.

Kwa miaka mingi wakazi wa mji huu wamezoea ndege ndogo za MAF, shirika la kimisheni lililoanza kurusha ndege nchini miaka ya 1970 na kuwa na kituo chake Dodoma. Ndege hizo zimebeba madaktari, chanjo, dawa na wagonjwa kwenda na kutoka viwanja vya udongo ambako ng'ombe hufukuzwa kwanza ndipo ndege itue. Ukiwa ndani yake, uwanda wa kati unaonekana kama ngozi ya mnyama iliyotandazwa juani: kahawia, mabaka ya kijani kando ya mito ya mchanga, nyumba za bati zinazong'aa, mashamba ya mtama na uwele, na barabara nyembamba zikiungana kwenye kijiji chenye mbuyu katikati. Kusini-mashariki ni Mvumi, yenye hospitali ya kanisa ambayo watu wa hapa wameitegemea vizazi kwa vizazi. Kaskazini ni Kondoa na miamba yake yenye michoro ya kale. Kutoka juu, umbali unaomtesa mama mjamzito kwenye pikipiki unaonekana kama kidole kimoja kwenye ramani.

Hesabu ya rubani wa ndege kama hiyo ni ya kikatili kidogo. Ndege aina ya Cessna 206 ina viti sita na matangi yanayochukua kiasi cha lita 330. Lita moja ya avgasi ina uzito wa gramu 720 hivi. Lita 100 kwa hiyo ni kilo 72, yaani mtu mzima mmoja. Ukiongeza mafuta ya kufika mbali, unapunguza mtu. Ukiongeza mtu, unapunguza umbali. Mgonjwa akilazwa kwenye machela na muuguzi akikaa pembeni, swali la kama mama mkwe naye apande kumsindikiza halijibiwi kwa huruma. Linajibiwa kwa mizani, joto la saa ile na urefu wa kiwanja. Ndugu wengi wamebaki wamesimama kando ya kiwanja cha udongo kwa sababu ya lita hizo 100, bila kuelezwa vizuri kwa nini.

Sasa fikiria kama ndege ingeweza kupaa ikiwa na mafuta kidogo na mzigo mzito, kisha ijazwe baada ya kuwa tayari iko juu, mahali ambapo urefu wa kiwanja hauna tena maana. Wazo hilo ni la zamani kuliko wazazi wetu. Juni 1923, huko San Diego, Marekani, marubani wawili wa jeshi katika ndege ya mabawa mawili walishusha mpira kutoka ndege moja kwenda nyingine, na mtu aliyekuwa kiti cha nyuma cha ndege ya chini akaudaka kwa mikono. Leo kazi hiyo inafanywa na majeshi karibu pekee, maana gharama yake ni kubwa mno. Jeshi letu halina ndege za namna hiyo, na hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyo nazo. Lakini zinapita jirani. Zimetumia kisiwa cha Diego Garcia, katika Bahari hii hii ya Hindi, na zimekuwa zikiruka kutoka Qatar, nchi ambako vijana wengi wa kwetu wamekwenda kutafuta ajira.

Kazi ya kulala kifudifudi

Ndege ya mafuta inayojulikana zaidi ni KC-135 ya Marekani. Iliruka mara ya kwanza Agosti 1956 na bado inafanya kazi, kwa hiyo wapo wanajeshi wanaoruka na ndege iliyoundwa kabla babu zao hawajaoa. Hubeba hadi tani 90 hivi za mafuta. Watu wake watatu ni rubani, rubani msaidizi, na mtu wa tatu ambaye si ofisa. Mara nyingi ni kijana mwenye cheo cha sajenti au chini yake, na ndiye anayeshika bomba. Kwa lugha ya jeshini bomba hilo ni bumu, na yeye ni opereta wa bumu.

Anafanya kazi amelala kifudifudi. Mkiani, chini ya sakafu ya ndege, kuna shimo dogo lenye kitanda chembamba, mahali pa kuegemeza kidevu, na dirisha linalotazama nyuma na chini. Wenyewe hutania kwamba wao ni wanajeshi pekee wanaolipwa kwa kulala kazini. Mbele ya uso wake kuna mawingu, bahari au jangwa, na kisha ndege nyingine inayokuja taratibu kutoka nyuma mpaka anaweza kuona uso wa rubani wake.

Bomba lenyewe ni mrija mgumu wa chuma wenye vijibawa viwili karibu na ncha. Kwa mkono wa kulia opereta anavielekeza vijibawa hivyo, na bomba zima linapaa juu, chini, kushoto au kulia kama tiara iliyofungwa kwenye fimbo. Kwa mkono wa kushoto anarefusha au kufupisha ncha yake. Likirefushwa lote linafika mita 14 hivi.

Ndege inayopokea husimama kwanza kiasi cha mita 15 nyuma ya bomba. "Kusimama" hapa ni namna ya kusema tu, kwa sababu zote mbili zinakwenda mamia ya kilomita kwa saa. Opereta akiridhika, anaiita isogee, akihesabu umbali kwa sauti tulivu: hamsini, arobaini, ishirini, kumi. Wao huhesabu kwa futi. Chini ya tumbo la ndege ya mafuta kuna mistari ya taa inayomwambia rubani wa nyuma apande, ashuke, asogee au arudi. Ndege ikishatulia mahali pake, opereta anaingiza ncha ya bomba kwenye tundu lililo juu ya mwili wa ndege ile. Tundu linabana. Rubani msaidizi wa mbele anawasha pampu, na mafuta yanaanza kushuka, zaidi ya tani mbili kwa dakika kwa ndege kubwa. Kwa kasi hiyo matangi ya Cessna ya Dodoma yangejaa chini ya sekunde 10.

Watu hudhani sehemu ngumu ni kulenga tundu. Sehemu ngumu ni kwamba hakuna kitu kilichotulia. Ndege kubwa inaposogea kutoka nyuma, inasukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo hunyanyua mkia wa ndege ya mafuta, kwa hiyo rubani wa mbele naye anapigana na usukani wake. Mafuta yakihama, uzito wa ndege zote mbili unabadilika kila dakika. Kukiwa na mawingu yenye misukosuko, bomba linacheza. Usiku opereta anafanya haya yote kwa mwanga wa taa ndogo. Kijana huyo wa miaka ishirini na kitu ndiye mwenye mamlaka ya kusema neno moja mara tatu, achia, achia, achia. Likisemwa, hakuna anayemuuliza cheo chake. Ndege ya mbele inaongeza mwendo na kupanda, ya nyuma inapunguza na kushuka, na maelezo yanasubiri.

Neno hilo lipo kwa sababu ya vifo. Januari 17, 1966, juu ya kijiji cha Palomares huko Hispania, ndege ya mabomu aina ya B-52 ilikaribia ndege ya mafuta kwa kasi kupita kiasi na zikagongana. Wanne wote wa ndege ya mafuta walikufa, pamoja na watatu kati ya saba wa ndege ya mabomu. Mabomu manne ya nyuklia yalianguka. Hayakulipuka kinyuklia, lakini mawili yalipasuka na kumwaga madini ya sumu ya plutoniamu kwenye mashamba ya wakulima ambao hawakuwa na habari yoyote na mambo ya angani.

Ni vizuri mzazi asimfiche mtoto jambo hili. Bomba lililobuniwa na Boeing mwishoni mwa miaka ya 1940 lilitengenezwa ili ndege za mabomu zifike mbali, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Kazi nyingine zimekuja baadaye. Opereta huyo huyo ndiye anayepanga mizigo na abiria ndani ya KC-135, na ndege hizo hufungwa vitanda vya wagonjwa zinapotumika kuhamisha majeruhi. Katika aina mpya, KC-46, kitanda cha kulala kifudifudi hakipo. Opereta hukaa kwenye kiti mbele, nyuma ya marubani, akitazama skrini kwa miwani maalumu, na picha huletwa na kamera za mkiani. Mtoto wa zama za simu angesema ni gemu. Kumbe mfumo huo ulisumbua: jua na vivuli viliharibu picha, na bomba likawa linakwaruza ndege ya chini bila opereta kujua. Imebidi kamera zisanifiwe upya. Dirisha la kawaida na jicho la mtu havijapata mrithi kirahisi.

Usiku ambao maji yalisafirishwa hivyo

Kuna mara moja ambayo kazi hii iligusa jirani zetu kabisa, na wazazi wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wanaukumbuka mwaka wenyewe. Julai 1994, katika siku chache, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma, mji wa Zaire ya wakati ule unaoongea Kiswahili. Mahali pale ni mwamba wa volkano. Jembe haliingii, kwa hiyo vyoo havikuchimbika, na makaburi vilevile. Kambi ya Kibumba haikuwa na chanzo chochote cha maji. Waliokuwa karibu na Ziwa Kivu walichota maji ya ziwa na kuyanywa hivyo hivyo.

Kipindupindu kilithibitishwa ndani ya wiki ya kwanza, na kuhara damu kukafuata. Katika mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, wengi wao bila kufika kwenye kituo chochote cha tiba. Kwa anayejua ugonjwa huu, takwimu hiyo inauma kwa namna ya pekee, kwa sababu kipindupindu hakihitaji dawa ya gharama. Mgonjwa anakufa kwa kuishiwa maji na chumvi mwilini. Akirudishiwa kwa haraka, anapona.

Jeshi la Marekani lilipeleka mitambo ya kusafisha maji kutoka California. Ndege yake ilikuwa C-5, dubwana la matairi 28 ambalo pua yake hufunguka juu kama mdomo wa kiboko ili mizigo iingie. Safari ilikuwa ya kiasi cha kilomita 15,000. Haikutua popote. Iliruka zaidi ya saa 20 mfululizo mpaka Goma, ikijazwa mafuta angani njiani. Hesabu ile ile ya Cessna ya Dodoma ilikuwa ikifanya kazi kwa kipimo kikubwa: mzigo mzito, safari ndefu, na mwisho wake uwanja mmoja ulioko juu zaidi ya Dodoma, wenye msongamano wa ndege za misaada, ambao haukuwa mahali pa kutegemea mafuta. Kila mara ndege ile ilipojazwa, kulikuwa na mtu kwenye mkia wa ndege nyingine, macho yake yakiwa kwenye tundu moja dogo, akiongoza bomba lililobeba mafuta ya mitambo ya maji ya watu ambao hangewaona.

Halafu ikaja sehemu ambayo sinema za kijeshi huwa haziionyeshi. Mitambo ilifungwa kando ya ziwa na maji safi yakaanza kutoka, lakini watu walikuwa kambini, kilomita nyingi kutoka pale, na malori ya kubeba maji yalikuwa machache. Yaliyoweza kuvuka bara zima bila kutua yakakwama kwenye kipande cha mwisho cha barabara, kwa kukosa boza. Mashirika yalihangaika kukusanya malori, na maji yalipoanza kufika kambini kwa wingi, vifo vilipungua sana ndani ya wiki chache. Kwa maelfu ya watoto, wiki hizo chache zilikuwa nyingi mno.

Ndoo, boza na simu

Mtu wa Dodoma hahitaji kufafanuliwa neno boza. Huu ni mji ambao jina lake lenyewe, kwa simulizi za Wagogo, linatokana na tembo aliyezama kwenye tope akifuata maji. Mvua huja Desemba na kuondoka Aprili, nayo si nyingi. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, na tangu Serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, wanaoyagombania wameongezeka kuliko visima. Mitaa mingi ina ratiba ya mgao, na matangi ya plastiki meusi juu ya mapaa yamekuwa sehemu ya sura ya mji, kama mibuyu.

Kipindupindu nacho si hadithi ya Goma peke yake. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, Dodoma ikiwemo. Kwa mzazi mwenye mtoto anayeharisha nyumbani, mambo ya kushika ni machache. Pakiti moja ya ORS huchanganywa kwenye lita moja kamili ya maji safi, si glasi moja. Kama pakiti hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kulundika. Mtoto apewe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi kisha uendelee polepole. Anyonye kama kawaida. Vidonge vya zinki hutolewa kituoni, na humezwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Macho yakizama, mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, hapo nyumbani si mahali pake tena.

Uhaba wa maji humfanya mzazi abane kila tone, na wakati mwingine hubana pasipo. Kongwa, wilaya inayojulikana kwa mradi wa karanga wa Waingereza uliofeli miaka ya 1940, ina historia nyingine isiyotangazwa sana. Watafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoleta upofu, walifanya kazi vijijini huko kwa miaka mingi na kuchapisha mwaka 1995 kwamba kunawisha watoto uso kunasaidia kupunguza ugonjwa huo mkali. Kikwazo walichokikuta hakikuwa umbali wa kisima tu. Akina mama waliamini kunawisha uso kunakula maji mengi, wakati kiasi kidogo sana kinatosha nyuso kadhaa, maji yakimiminwa badala ya kutumbukiza mikono ya wote kwenye beseni moja. Usafi wa uso ukaingia katika mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na trakoma, ukitokana kwa sehemu na nyuso za watoto wa Kongwa.

Na kile kipande cha mwisho cha barabara? Kwa uwanda wa kati hilo ndilo swali kubwa kuliko la ndege. Aprili 2022, hapa hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wa m-mama nchi nzima, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga. Hauna ndege ndani yake. Una simu, chumba cha waratibu na magari. Mratibu akipokea simu anauliza hali ya mgonjwa, anaamua anahitaji kituo cha ngazi gani, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Lisipokuwepo, anampigia dereva wa kawaida wa kijiji au mtaa huo, mtu mwenye gari lake aliyeandikishwa na kufundishwa. Dereva akimfikisha mgonjwa, analipwa kwa simu.

Kulipwa huko ndiko kiini cha mpango wote. Kabla ya hapo mwenye gari kijijini, hata mwenye moyo mwema, alilazimika kuuliza kwanza nani ananunua mafuta. Familia ilianza kuchangishana usiku, mmoja anakwenda kugonga kwa shemeji, mwingine anauza kuku, na mama anaendelea kuvuja damu. Wakunga wa vituo vya pembezoni wanaujua usiku wa namna hiyo.

Namba ni 115, na kuipiga ni bure hata simu isipokuwa na salio. Anayepiga ataulizwa jina la kijiji au kituo, hali ya mama au mtoto, na njia ya kufikia. Kwa nyumba zisizo na namba wala jina la mtaa, taja kitu ambacho dereva atakiona gizani kwa taa za gari: mnara wa simu, shule, kanisa, msikiti, mashine ya kusaga, na kama ni Ugogoni, mbuyu upi.